Wiki ya Herufi F

Pasta Githongo alikuwa na mtindo wake wa kuhubiri, na mtindo huo ndio ulionifanya mimi kuwa mtu hapa Kitengela. Kila mahubiri yake yalikuwa na herufi moja. Jumapili hii ni P: prayer, patience, power. Jumapili ijayo ni G. Watu walimpenda kwa hilo, wakasema huyu pasta amesoma. Na kwa sababu kanisa letu la mabati lilijaa Wakikuyu wa soko, Wakamba wa kiwanda cha saruji na Wamaasai wa kila upande, yeye alihubiri kwa Kiingereza na mimi nikasimama kando yake nikitafsiri kwa Kiswahili. Alhamisi jioni alikuwa akipita kwa kibanda changu cha mitumba, ananiambia, "Mama Wacuka, Jumapili ni M." Basi. Kuanzia hapo mimi nilikula M, nikanywa M, mpaka siku ya ibada.

Usiniulize nilisoma hadi wapi. Haya, nitakwambia kabla hujaambiwa na wengine: darasa la sita. Sababu ni mambo ya baba na kaka zangu, na sitaki kuyachokora. Lakini ungeniona siku hizo pale mbele na maiki, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, pasta akisema "grace" mimi nasema "neema" kabla hajafunga mdomo, ungeapa nimetoka chuo kikuu. Wanawake wenzangu kanisani waliniita Madam. Sikuwakataza.

Mwaka wa 2000, ule wa kiangazi kibaya na mgao wa stima, makanisa yakaandaa mkutano mkubwa wa injili Kajiado mjini. Mhubiri angekuwa mgeni kutoka Nairobi, Mwinjilisti Hiram, na Pasta Githongo akasema mkalimani ni mimi. Mgeni naye alipenda mtindo wa herufi, na alikuwa amechagua F.

Niliogopa, na si kwa sababu ya mgeni. Binti yangu Wacuka alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni huko huko Kajiado, na kwaya ya shule yao ilikuwa imealikwa kuimba. Alinipigia simu kwa duka la jirani. "Mum, nimeambia class yote interpreter ni wewe," akasema. "Usiniangushe." Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Mtoto anasoma vitabu vinene vya Kiingereza, halafu anajigamba kwa wenzake juu ya Kiingereza cha mama yake. Wewe ungefanya nini? Niliichukua kamusi nikaila.

Simu hiyo ilikuwa ya duka la Fosiya, Mama Abdi, mwanamke wa Kisomali aliyeuza vitambaa ubavuni mwa kibanda changu. Fosiya ana ulimi, lakini ana roho nzuri. Wateja wakipungua alikuwa anashika kamusi, anakaa kwa stuli yake, ananiuliza.

"Feeble," anasema.

"Dhaifu," namjibu huku nikitundika suruali.

"Foolish."

"Mjinga."

"Walahi hilo umelijua haraka. Umelizoea."

"Endelea, Mama Abdi, wacha mchezo."

"Mimi Mwislamu nimekaa hapa nakupangia mahubiri ya kanisa," akasema akifungua ukurasa mwingine. "Siku ya kiyama wewe ndiye utanitetea. Fortitude."

Hiyo ilinitesa. Ujasiri wa kuvumilia, ndivyo nilivyoiweka mwishowe. Kufika Jumamosi nilikuwa na fervent, fruitful, frugal, futile, forsake, failure, firm. Mteja mmoja nilimwambia sweta haina kasoro, ni flawless, akanunua mbili. Nikajiambia, Tabitha, uko tayari. Mtu akikuuliza neno la F saa yoyote, unalo mdomoni.

Jumapili hiyo Kajiado ilikuwa vumbi tupu. Hema lilikuwa limejaa mpaka watu wakakaa juani. Kulikuwa na akina mama waliotoka Ewuaso Kedong na wengine mpaka Illasit, na wale tuliopanda lori pamoja kutoka Kitengela walikaa mstari wa mbele ili wanione vizuri. "Takwenya," nikawasalimia wamama wa Kimaasai, wakaniitikia "Iko" kwa pamoja, nikajiona mkubwa. Upande wa kushoto walikaa wasichana wa shule katika sweta za kijani. Nilimwona Wacuka akininyooshea kidevu, na wenzake wote wakageuka kuniangalia.

Sasa huyo Hiram. Kwao ni Limuru. Kabla ya ibada tulikunywa chai pamoja, na akaniuliza kwa Kiswahili safi kama mandazi bado yapo. Kwa hivyo Kiswahili alikijua kama mimi na wewe. Lakini alipopanda jukwaani Kiswahili kilimtoka chote, kikabaki Kiingereza, tena kile cha puani. Hiyo ni tabia ya wengi, na mimi ningelalamika vipi, ndiyo iliyonipa kazi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. "Faith," akasema. "Imani," nikasema. "Fervent prayer." "Maombi ya moto." Alipotoa fortitude, nilimwachilia ule ujasiri wangu wa kuvumilia kwa sauti ya juu mpaka Pasta Githongo akatingisha kichwa kwa furaha. Niliangalia upande wa kushoto. Wacuka alikuwa anatabasamu meno yote nje.

Halafu mgeni akaanza hadithi. Alikuwa anasafiri kwa ndege. Flight niliijua, iko kwa F. Lakini baada ya hapo maneno yakaja kwa kasi, sijui nini ya juu ya kiti, sijui rubani alitangaza nini, sijui wanawake wa ndege walifanya nini, na hakuna hata moja lililoanza na F. Pasta Githongo hakuwahi kupanda ndege. Hadithi zake zilikuwa za Daudi na Goliathi na ng'ombe wa baba yake, nilizijua kabla hajazifungua. Pale jukwaani ndipo nilipogundua kwamba miaka yote hiyo sikuwa natafsiri, nilikuwa nakumbuka tu.

Nikabahatisha. Nikasema ndege ilianguka na watu wengi wakafa. Watu wakaguna kwa huruma.

Hiram akanigeukia. "No, Mama," akasema kwa maiki. "Nobody died."

Wanaojua Kiingereza wakacheka, na wasiojua wakacheka kwa sababu wale wamecheka. Akasema sentensi nyingine, ndefu. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Akairudia polepole, vile mtu anavyosemesha kiziwi. Bado hakuna kitu. Nikamwangalia Pasta Githongo, naye akaangalia viatu vyake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na maiki yangu mkononi.

Hiram akageukia wale wasichana, akauliza kama kuna mwanafunzi anayeweza kutusaidia. Hilo nililielewa vizuri sana. Wasichana wakaangaliana. Halafu mmoja akasimama, akaanza kupita katikati ya viti, na sikuhitaji kumtazama mara mbili. Ule mwendo nilimfundisha mimi.

"Leta maiki, Mum," Wacuka akaniambia kwa sauti ya chini. "Kaa tu."

Nilimpa. Ngazi za jukwaa zilikuwa upande ule mwingine, nyuma ya mgeni, kwa hivyo sikuwa na njia ya kutoroka. Nikakalia kiti cha plastiki papo hapo mbele ya macho ya watu wote. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilichutama kwa kile kiti mikono ikiwa magotini, nikiona wanawake wa lori letu wakitafuta mahali pa kuweka macho.

Na mtoto alijua kazi. Ndege haikuanguka, ilitikiswa na upepo tu, akaeleza, na watu wakashika mikanda wakaomba. Maneno yalimtoka kama maji ya mfereji. Nilimwonea fahari, Mungu anajua. Nikamwonea na wivu pia, mtoto wangu wa kuzaa. Na aibu ya ule wivu ikaja juu ya aibu niliyokuwa nayo, nikakosa hata pa kuelekeza uso.

Karibu na mwisho Hiram akashusha sauti. Akatembea mpaka karibu na kiti changu, akaninyooshea mkono, akawaangalia watu. Nafikiri alidhani ananisaidia, au alidhani ni mzaha tu, kwa kuwa maneno aliyotaka kusema yanakaribiana na ya Biblia. "God does not need the fluent," akasema. "God can use the feeble. God can use the foolish." Akanipigapiga begani. "He can even use a failure."

Walimu na wenye Kiingereza chao wakacheka kile kicheko cha chini. Feeble. Foolish. Failure. Dhaifu, mjinga, mtu aliyeshindwa. Hakuna hata moja lililonipita.

Nilimwona Wacuka akishika maiki kwa mikono miwili. Umati wa watu ulikuwa unangoja, wamama wa Ewuaso Kedong wameinua nyuso zao wakingoja waambiwe mgeni amesema nini juu ya huyu mama.

"Anasema Mungu hahitaji mtu wa maneno mengi," Wacuka akasema. "Anasema Mungu hutumia mtu mwaminifu. Mungu hutumia mtu mwenye moyo imara. Anasema hutumia mtu kama huyu mama, aliyewatumikia watu miaka yote bila kuchoka."

Vigelegele vilipasua hema. Wanawake wa lori letu wakasimama, wakafurahi kupata sababu ya kuniangalia tena. Mama mmoja wa Kimaasai akapanda jukwaani, akavua shanga zake za shingoni, akanivisha mimi. Ikabidi nisimame nipunge mkono. Nilipunga. Shanga zilikuwa bado na joto la mwili wake, na mimi nilizivaa kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema isipokuwa mtoto wangu.

Hiram alimwangalia Wacuka. Kiswahili alikijua, nilishakwambia. Wacuka naye akamwangalia, hakukwepesha macho. Yule mtu akasafisha koo, akafungua Biblia mahali pengine, akaendelea. Wale wasichana wa sweta za kijani walikuwa wametulia tuli.

Baada ya maombi ya kufunga, Wacuka alikuja mbio nyuma ya hema. Basi la shule lilikuwa limewashwa, mwalimu anaita. Alikuwa anavuta vuta mikono ya sweta yake, na sauti ilikuwa juu kidogo kuliko kawaida yake.

"Mum, umeona vile amekusifu? Watu wote wamekupigia makofi."

Aliniangalia usoni, na nikajua anatafuta nini. Kama ningemshukuru kwa alichofanya, angejua nilisikia nikiitwa mjinga mbele ya marafiki zake, na angebeba hilo mpaka uzee wake. Wiki nzima nilikuwa nimejifunza herufi moja katika Kiingereza chote cha dunia, ili aone mama yake anajua kitu.

"Nilikusikia wewe tu," nikamwambia. "Zile F zake zote zilinipita. Sikushika hata moja."

Akapumua, mabega yakashuka. Akanipangusa vumbi kwenye kitambaa, polepole, kama ninavyompangusa yeye.

"Usijali, Mum," akasema. "Kiingereza ni ngumu."