Negativu Isiyo na Mwenyewe

Mama mkubwa aliingia studio ya picha akiwa ameshakunja mikono ya gauni, nikajua hakuja kusalimia. Kikapuni alikuwa na sabuni ya vyombo, dawa ya madoa na brashi ya viatu.

"Leteni hiyo negativu ya marehemu niisugue."

Mjomba, mdogo wake, mwenye studio, akaifunika kwa viganja. Ilikuwa imejaa ukungu, nayo ndiyo picha pekee ya mama yangu iliyobaki; nyingine ziliozeshwa na paa linalovuja. Mama alifariki nikiwa mchanga. Uso wake nilikuwa siujui.

"Dada, hii si sufuria. Dawa yoyote hujaribiwa kwanza kwenye negativu isiyo na mwenyewe."

Hapo vita vikaanza. Mjomba akachomoa kabatini negativu ya mchumba wa zamani wa mama mkubwa.

"Huyu hana mwenyewe."

"Thubutu!" Mama mkubwa naye akachomoa negativu ya mjomba ya enzi za ujana. "Na wewe hapa, na suruali pana kama pazia, nani anakutaka?"

Kabla hajajibiwa, akamchovya huyo mjomba wa kwenye negativu katika dawa ya madoa. Ikaenda suruali, ikaenda miguu, akaenda mwenyewe. Tukabaki na plastiki tupu.

"Umeniua!"

"Si umetakata?" alisema mama mkubwa, ila sauti ilikuwa imepungua.

Kwa hasira mjomba akamtia mchumba kwenye maji ya sabuni, akampangusa. Picha ikalainika, pua ikavutika hadi sikioni.

Mama mkubwa akachungulia. "Sasa ndiyo kafanana."

Mjomba akasalimu amri. Akatoa uvunguni chupa ya spiriti kali isiyochanganywa na maji, aliyokuwa akiificha dada yake asije akafutia madirisha. Akaijaribu kwenye kipembe cha negativu ya mchumba: ukungu ukatoka, picha haikutikisika. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ile plastiki iliyokuwa na suruali yake, akanipa mimi pamba.

"Usisugue. Pitisha tu, kama unamfuta uso mtoto aliyelala."

Nikapitisha polepole mpaka ukungu ukaisha. Mjomba alipoichapa kwenye karatasi, mama yangu akatokea: macho kayafumba, mdomo wazi, yuko katikati ya kicheko.

"Jamani! Picha moja tu, na kafumba macho!" mama mkubwa akasikitika.

Niliiinamia picha, wakadhani nimehuzunika. Miaka yote nilikuwa nakuogopa kidogo, mama, kwa vile watu hukutaja kwa sauti ya chini. Kumbe ulikuwa unacheka hivyo. Mimi nami hucheka hivyo, nikiwa peke yangu.