Kovu la Mpiga Pasi

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, kinga ya chuma inayozuia mikono isiingie kwenye mashine ya pasi ilikuwa imefungwa juu kwa kipande cha shuka kuukuu. Ikiachwa ishuke kila mara, mashuka hayaishi, na msimamizi hakupenda kazi ya kusuasua. Ndivyo mpiga pasi alivyoungua mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja.

Nesi aliyembadilishia bandeji alimwambia mapema asitarajie makubwa.

"Ngozi ikijeruhiwa, dada, chembe zake hutumiana ujumbe. Wa kwanza ni kuziba. Ule wa kuotesha nywele ukichelewa, kovu linabaki kipara."

Haukuchelewa. Bandeji ya mwisho ilipotoka, kovu lilikuwa limeota nywele nene za kichwani, zenye shungi moja jeupe. Nesi alizipangusa kwa spiriti, akasema zimeota vizuri, ila si za mpiga pasi mwenyewe.

Wenzake kazini walizitambua. Zilikuwa za Mvi, aliyezaliwa na shungi lile, na aliyeitumia mashine hiyo kabla yake. Mvi aliungua, kidonda kikaoza, akafa. Mama yake aliambiwa ni homa. Hakudai fidia, alitaka tu mtu amwambie mwanawe alikufa kwa nini.

Mpiga pasi akamwita, akamweleza yote. Mama alikuja na kitana, akakaa juu ya furushi la mashuka, akazichana nywele polepole huku machozi yakimtoka. Kisha wakaenda pamoja kwa msimamizi.

"Mama, pole sana, lakini nywele huota popote," alisema msimamizi kwa upole. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Basi yagange, baba. Kifungue kile kitambaa kilichofunga kinga."

Msimamizi akatoka, akarudi na shati la mikono mirefu, akampa mpiga pasi.

Tangu hapo mama huja kila Jumapili kumsuka mwanawe. Huuliza kama anavuta sana. Mpiga pasi hujibu hapana, hata panapouma.

Baadaye akaajiriwa msichana mgeni. Msimamizi alisimama mlangoni akingoja msichana aelekezwe kazi. Mpiga pasi aliona aibu, lakini alimwonyesha jinsi ya kuifunga kinga juu. Alikaza fundo kwa mkono uleule, misuko ikimwasha ndani ya shati.