Kufuli Zilizopotea Changamwe

Mweri alipoiona sindano aliurudisha mkono wake.

"Hiyo si penisilini? Asubuhi nimesema, ile hunivimbisha uso mpaka nikakosa pumzi."

Muuguzi akaiweka sindano chini, akamwita Sista Pascalia, aliyempokea Mweri asubuhi. Wakafungua faili la mgonjwa kwenye kompyuta. Hapakuwa na neno lolote kuhusu penisilini.

"Haki ya Mungu nimeandika," alisema Pascalia.

Mweri alipewa dawa nyingine. Mahfoudha, fundi wa kompyuta wa zahanati ile ya Changamwe, alimwamini Pascalia. Asubuhi hiyo stima ilikuwa imepotea kidogo. Akaenda moja kwa moja kwa Daktari Munga, mwenye zahanati.

"Daktari, mafaili yetu yako kwenye seva, kompyuta kuu iliyoko Kisauni. Kompyuta ya katikati huyaazima huko, kisha huviazimisha vyumba vya hapa. Mtu akifungua faili, faili hilo hutiwa kufuli ili mwengine asiandike. Ile ya katikati ikizimika, kufuli hupotea. Ikiwaka, haiwezi kuzidai tena Kisauni kwa niaba ya vyumba. Basi watu wawili huandika faili moja, wa mwisho akamfuta wa kwanza."

"Tununue betri kubwa, basi."

"Hata ikijizima na kujiwasha yenyewe, ni yale yale. Tuiondoe."

"Lakini hiyo ndiyo inayotupa kasi. Tungoje mwisho wa mwezi."

"Mie singoji, Daktari. Njoo uone."

Alifungua faili la majaribio chumba cha kwanza. Chumba cha pili kilikataliwa kuliandika. Kisha akachomoa waya wa stima wa kompyuta ya katikati, akaurudisha. Ilipowaka, vyumba vyote viwili viliandika faili lile lile bila kuzuiwa. Maneno ya chumba cha kwanza yakatoweka mbele ya macho ya Munga.

Daktari aliipangusa miwani yake.

"Fanya unavyoona," alisema.

Mahfoudha alipita chumba hadi chumba, akiunganisha kila kompyuta na Kisauni moja kwa moja. Chumba cha maabara kilimsumbua. Alikirudia mpaka kikakubali. Wauguzi walinung'unika kwamba picha za eksirei zinakawia.

"Zitakawia," aliwajibu. "Lakini mtakachoandika kitabaki."

Kisha akampigia Mussab, fundi mwenzake wa Kisauni. "Izime seva, uiwashe, tuone kama kufuli zitabaki."

Ilipowaka, seva haikumruhusu mtu kufungua faili jipya mpaka kila chumba kilipodai kufuli yake. Mahfoudha akajaribu kuandika kutoka chumba cha pili faili lililokuwa wazi chumba cha kwanza. Akakataliwa. Akajaribu tena, makusudi. Akakataliwa.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ndogo.

Munga alikuwa amesimama mlangoni. "Na tawi la Shanzu?"

"Nalo lina kompyuta ya katikati vile vile."

"Unaonaje, uende kesho?"

Mahfoudha alikuwa ameshaukunja waya wa mwisho na kuutia mkobani. "Naenda sasa, Daktari. Wapigie uwaambie wasiandike kitu mpaka nifike."