Waonjaji wa Togwa

Joyness aliweka tone la maji ya pipa chini ya hadubini. Kando yake aliweka tone la maji ya kisima, kwa kulinganisha. Katika kila tone waliogelea minyoo wembamba kuliko uzi. Maabara yao mjini Bariadi iliwafuga ili kupimia sumu zinazonyunyiziwa pamba.

Nyuma yake alisimama baba yake, Machibya, kofia mkononi. Alikuwa amenunua pipa kuukuu huko Kasoli bila kujua liliwahi kubeba nini, akalisugua kwa majivu na mchanga, kisha akalijaza maji. Maji hayo ndiyo yaliyopikiwa togwa ya kuwanywesha wageni. Nyumbani Dutwa, wageni waliokuja kumposa Scola, mdogo wake Joyness, walikuwa wamekwisha kuketi.

"Hivi vijidudu vina undugu gani na watu?"

"Mishipa yao ya fahamu hufanya kazi kama yetu, baba. Sumu inayowakaza wao hutukaza na sisi."

Machibya akainama, akafumba jicho moja. "Mbona wanacheza kama ndama waliofunguliwa zizini!"

"Subiri kidogo."

"Wakwe hawasubirishwi, mwanangu." Akampigia simu mdogo wake. "Bujiku! Salamu zikiisha, wape togwa. Onja wewe kwa niaba yangu."

Joyness alishtuka. Kwao mgeni hanywi kabla mwenyeji hajaonja mbele yake, ili ajue hakuwekewa sumu. Baba mdogo angekuwa wa kwanza.

Hakubanduka kwenye hadubini. Katika maji ya kisima minyoo waliendelea kuogelea. Katika maji ya pipa mmoja alijipinda, akakakamaa, asinyooke tena. Akafuata wa pili. Kisha wakakakamaa wengi kwa pamoja.

"Baba, tazama."

Machibya alitazama tone moja, akatazama la pili. Kofia ikamponyoka. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii vigelegele vilitangulia sauti.

"Bujiku, kibuyu kiko wapi?"

"Mkononi, kaka. Watu wote wananikodolea macho."

"Umeonja?"

"Ndiyo nakiinua."

"Kiweke chini! Togwa yote ifukieni shimoni, hata ng'ombe wasiiguse."

"Kaka, unaniaibisha! Niwaambie nini wakwe, na hakuna aliyeonja?"

Machibya aliitazama tena hadubini. Katika tone la pipa hakuna kilichotikisika.

"Waambie wapo waliokwisha kuonja."