Paa Mmoja na Paa Moja

Saadiya binti Miraj alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: hakuweza kusikia Kiswahili kikivunjwa akanyamaza. Mtu akisema "mtoto yangu" mbele yake, alimrudi hapo hapo, hata kama mtu mwenyewe amekuja kulia. Hakuwa na roho mbaya, sitaki kumsingizia. Alizaliwa Voi, nyuma ya msikiti, katika watu waliotoka pwani zamani, na kwao lugha ilitunzwa kama vile vyombo vya kabatini vya wageni.

Alikuwa karani katika ofisi ndogo ya maendeleo karibu na stesheni, ofisi ya Mzee Gibson Mwandawiro, mtu wa Werugha. Kompyuta ilikuwa moja. Hillary, mpwa wa Mzee Gibson aliyekuwa akisoma chuo kikuu Nairobi, aliiwekea mfumo wa Linux kwa sababu ulikuwa wa bure, akamwonyesha Saadiya mambo mawili matatu, akarudi zake masomoni. Katika hayo Saadiya alipenda moja kupita yote, kwamba folda si lazima ibaki lile jalada la manjano kama wenzake. Ukiibonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi, ukafungua sifa zake, unaivisha picha unayotaka. Na picha unaweza kuichora mwenyewe, kijumba kwa kijumba, thelathini na viwili kwenda chini, thelathini na viwili kwenda kando. Mama yake alikuwa mdarizi wa kofia. Saadiya alihesabu vijumba kama mamake alivyohesabu matundu.

Folda ya wakulima wa Werugha akaivisha kabichi. Wachimba madini wa Kishushe akawapa jiwe la kijani. Shule ya chekechea iliyoezekwa mabati akaipa paa. Na watu wa Marungu, waliodai ardhi yao iliyomezwa na uzio wa ranchi, akawapa paa pia, yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa, maana huko vichakani amejaa tele.

Mzee Gibson alipoona akacheka. "Sasa hapa umeniwekea paa mbili."

"Paa mbili hakuna, Mzee. Kuna paa mmoja na paa moja. Mnyama ni paa yule, mfukuze. Nyumba ni paa lile, liezeke."

"Kwetu yote ni ile, na tunaelewana."

"Mnaelewana kwa bahati."

Wiki nzima akamshika na hilo. Akipita mlangoni anaulizwa, "Nyumba?" Naye mzee wa watu, mwenye wajukuu, anajibu kama mtoto wa darasa la pili. Mara anapata, mara anakosa, na akikosa Saadiya anacheka mpaka buibui linamteleza.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, mwezi wa tisa mwaka wa tisini na tisa. Kamati ya ardhi ilikuwa inakaa Wundanyi kuwasikiliza watu wa Marungu, mara moja tu, halafu inafunga daftari. Walio hai walikwenda kujisemea. Asiyeweza kwenda alikuwa Katuku.

Huyu Katuku, bibi wa Marungu, alifika ofisini mwezi wa saba, anakohoa, akasimulia saa nzima huku Saadiya akiandika moja kwa moja kwenye mashine, ndani ya folda ya Marungu. Aliishi ndani ya ule uzio kabla haujakuwa uzio. Alizika watoto wawili mle, makaburi yao akayawekea mawe. Akataja na umbali wake kutoka kisima cha zamani, na upande gani. Wiki mbili baadaye akafa. Alimwacha binti mmoja, Elsie, aliyezaliwa baada ya wao kuhamishwa, ambaye hajawahi kukanyaga mle. Kamati ilikubali kuyapokea maneno ya marehemu. Wataingia ranchini, watapima kutoka kisimani, na wakikuta mawe Elsie anapewa shamba la mamake. Wasipoyakuta, basi, ukoo wa Katuku haukuwahi kuishi hapo, na Elsie abaki akilima kwa hisani ya watu na mtoto wake mgongoni.

Asubuhi ile Mzee Gibson alipanda Wundanyi na maelezo hayo kwenye flopi, kile kidiski cha kubeba mfukoni, kwa sababu utepe wa printa ofisini ulikuwa umekauka. Elsie alikaa kwenye benchi ofisini akinyonyesha, akingoja habari. Saadiya akataka kuhifadhi barua moja, mashine ikakataa, ikasema diski imejaa. Bahati, au sijui niiteje, simu ikalia. Ni Mzee Gibson, amefika salama.

"Mashine imejaa, Mzee. Nifute nini?"

Mzee Gibson akajipanga kwanza. Saadiya alimsikia akivuta pumzi. "Mfute paa yule. Kazi yake imekwisha. Nimesema sawa, mwalimu?"

"Mia kwa mia, Mzee," Saadiya akasema, na alifurahi kweli.

Folda ya Marungu iko kwenye flopi, akawaza, na flopi iko Wundanyi, kwa hiyo kazi yake imekwisha. Hakumtupa paa kwenye pipa la taka la kompyuta, maana pipa nalo linakula nafasi. Alimfuta moja kwa moja. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, akaiambia anayo.

Akajaribu tena kuhifadhi barua yake. Mashine ikasema bado imejaa.

Hapo akaanza kufikiri. Maandishi ni kitu kidogo sana kwenye diski, kinachojaza ni picha. Akaifungua folda ya shule. Picha za mabati, picha za misumari, picha za wafadhili wakipeana mikono chini ya mabati. Shule yenyewe iliezekwa tangu mwezi wa sita. Kazi iliyokwisha ilikuwa hii. Mzee wa watu alitaka kumfurahisha, akakosea, na yeye akampa mia kwa mia.

Akatengeneza folda mpya upesi upesi, akaivisha ile picha yake. Paa akarudi pale pale, na macho yake yale yale. Akamfungua. Ndani hamna kitu.

Akampigia Hillary Nairobi. "Kwenye Linux ukishafuta umefuta, dada," Hillary akasema. "Usiandike tena chochote humo. Nitakuja kesho kutwa nijaribu, lakini usinitegemee."

"Leo je?"

"Leo haiwezekani."

"Kuna shida?" Elsie akauliza kutoka kwenye benchi.

"Hamna," Saadiya akasema. Flopi ipo, akajiambia, flopi ipo, ya Rabi, ipo. Alikuwa bado analisema hilo simu ilipolia.

"Hii flopi imekataa," Mzee Gibson akasema. "Tumejaribu mashine mbili. Wametupatia nusu saa tu. Nisomee hayo maneno ya Katuku, niandike na mkono. Nimeshika kalamu."

"Nipe dakika tano," Saadiya akasema, akaweka simu.

Dakika tano zile zilimtesa kuliko mwaka. Akafumba macho akamtafuta Katuku. Aliikumbuka leso yake, alikikumbuka kikohozi chake. Alikumbuka alivyosema "mawe yangu iko mbili, nilipanga na mkono yangu," na yeye akaandika "mawe yangu ni mawili, niliyapanga kwa mikono yangu." Alikumbuka kila alichosahihisha. Halafu akafika kwenye kisima. Katuku alisema miguu, yeye akamwambia, "Hatua, bibi, siyo miguu," na bibi akacheka akasema andika unavyojua. Ubishi wa neno aliukumbuka wote. Idadi ilikuwa imekwenda. Arobaini? Kumi na nne? Na upande wa mawio au wa machweo? Na ikiwa bibi alimaanisha miguu kweli, kisigino kwa kidole, je?

Simu ikalia tena.

"Haya, nisomee."

"Mimi, Katuku," Saadiya akaanza, "niliishi mahali hapo na mume wangu."

"Mahali hapo na mume wangu. Endelea."

"Wanangu wawili niliwazika mimi mwenyewe. Makaburi yao yako upande wa... kutoka kisimani ni hatua..."

Akakwama. Nambari yoyote ingetosha. Angeitaja tu, na Mzee Gibson angeiandika, na kamati ingekwenda na kamba yao mpaka kwenye udongo mtupu, na Katuku angekuwa mwongo kaburini mwake. Machozi yalikuwa yanamtiririka hata hajui.

Elsie aliinuka kwenye benchi akamshika bega. Alidhani ni huruma ya marehemu inamlemea. "Sema tu, dada," akasema. "Mama alirudi nyumbani akitusimulia wewe. Alisema wewe ndio unajua Kiswahili. Alisema uliandika maneno yake ikakuwa mazuri kuliko vile yeye alisema."

"Hatua ngapi?" Mzee Gibson akauliza. "Saadiya, hawa watu wananingoja."

"Nimemfuta, Mzee."

"Umefuta nini?"

"Paa. Uliniambia nimfute."

"Mimi nilisema ya shule."

"Ulisema yule."

Sauti ya Mzee Gibson ikawa ndogo. "Si ndivyo ulinifundisha?"

Elsie hakujua habari ya paa wala ya shule. Alichosikia ni neno moja tu, nimemfuta. Akaondoa mkono wake begani mwa Saadiya.

"Umemfuta nani?" akauliza.

Huku Mzee Gibson bado anaita kwenye simu, Saadiya akamwambia Elsie, "Mama yako. Maneno yake yote."