Chokaa Iliyobaki

Kampuni ya umeme ilipotoa ramani yake ya kwanza, mtaa mzima ulionekana pori. Nyaya za msongo mkubwa zilichorwa zikipita juu ya nyumba kana kwamba chini yake hakuna anayepika wala anayelala. Watu wakaja juu. Aliyetoa wazo ni Spika, fundi seremala aliyebandikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila paa lenye watu chini yake lipigwe msalaba wa chokaa, alisema, ili kile kidude cha kampuni kinachopiga picha kutoka angani kikose kisingizio.

Kazi ya kupanda mabati ilimwangukia dobi, kwa kuwa alikuwa mwepesi na hakujua kukataa.

"Panda, wifi, panda!" dada wa marehemu mumewe alipiga kelele, akiwa ameshika ngazi. "Wewe hata ukianguka utatua kama karatasi!"

Wanawake wakaangua kicheko. Dobi naye akacheka, chokaa ikimchuruzika mpaka kwapani.

Paa lake aliliacha la mwisho. Aliona aibu kuanza na kwake. Jua lilipoanza kushuka, chokaa iliyobaki kwenye ndoo ilitosha paa moja tu, na Spika akanyoosha kidole kwenye banda lake la kuwekea mbao.

"Na hili."

"Humu hakai mtu, mjomba," dobi alisema, kama anayejisemea.

"Kampuni inajua hilo? Wewe piga. Kwako nitaleta nyingine kesho asubuhi na mapema."

Dobi akaichukua ndoo. Akapanda, akapiga msalaba ulionyooka kuliko yote. Asubuhi kilichokuja mapema ni kidude cha kampuni, kikivuma juu ya mtaa mithili ya nyuki. Spika na chokaa yake hawakuonekana.

Kwenye ramani ya pili njia ya nyaya ilikuwa imepinda. Mstari uliikwepa misalaba yote, ukaangukia chumba cha dobi, kisima chake, na uwanja alioanikia shuka za zahanati. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama mkwe wake tangu mumewe afariki. Mtaa ulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Dobi alimfuata Spika karakanani.

"Mjomba, bado hatujamaliza. Sasa mstari unapita kwangu."

Spika hakuinua macho kwenye randa. "Binti yangu, tumepigana, tumeshinda. Ukianza kelele zako peke yako utaonekana unapinga maendeleo."

"Si ulisema huu umeme wao ni jini la chuma?"

"Lilipokuwa linakuja kwangu, ndiyo." Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka.

"Basi waambie lile banda halina mtu. Mstari ukirudi juu ya mbao zako, mimi nabaki."

"Nikajiite mwongo mbele ya kampuni? Mimi?" Akapuliza maranda. "Nenda kafue, mama. Usitutibulie."

Mpima ardhi alipokuja na vigingi vyake, dobi alimsubiri barabarani. Safari hii hakusita. "Lile banda pale lina mbao tu. Msalaba ule nimeuchora mimi kwa mkono wangu. Chokaa ile ilikuwa ya kwangu."

Mpima alilitazama banda, lililofungwa kufuli, kisha akawageukia waliokusanyika. "Ni kweli? Hamna mtu mle?"

Watu wakatazamana. Spika akainama kufunga kamba za viatu vyake. Ndipo wifi yake dobi, ambaye nyumba yake imepakana na banda lile ukuta kwa ukuta, akapiga hatua mbele.

"Anakaa mtu," alisema, macho yake yakiwa kwa mpima tu. "Fundi hulala humo na wajukuu zake. Huyu wifi yangu amechanganyikiwa tangu afiwe. Mvumilieni."

Mpima akatikisa kichwa kwa huruma, akaingia uwanjani kwa dobi. Nyundo ikaanza kulia.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote, amekaa kizingitini. Alimtazama binti yake akitokomea kwenye kundi la watu, kisha akamgeukia dobi.

"Lile beseni la nguo alizokuletea wifi yako ufue, umeshalitia maji?"

"Bado, mama."

"Mrudishie na uchafu wake. Nami utanitafutia pa kulala popote utakapokwenda, maana kwa yule siendi."

Dobi alilibeba beseni kichwani, akaelekea kwa wifi yake. Watu wale wale waliomwacha peke yake wakampisha njia, wakimwamkia kwa heshima.