Mkasi wa Seth Ormerod

Wafumaji wa Lancashire, huko Uingereza, husikilizana kwa macho. Mitambo ya kiwandani ikishaanza kunguruma sikio halifai kitu, basi huongea kwa midomo tu, bila sauti, na mwenzao wa upande wa pili wa ukumbi akaelewa kila neno, umbea ukiwemo. Seth Ormerod na Abel Duckworth walikulia humo. Walipopelekwa vitani Ufaransa, luteni wao aliona ameokota dhahabu: watu wawili wanaoweza kupiga soga puani kwa Mjerumani bila kusikika.

Ndiyo maana wakachaguliwa kwenda kuvamia handaki la adui. Waliacha nyuma barua, beji na vibati vya majina, wakajipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa. Abel alipewa rungu lililopigiliwa misumari ya viatu, akacheka kwamba mama yake angeliona angemchapa nalo kwa kuharibu misumari mizima. Seth alipewa mkasi wa kukatia seng'enge, mmoja tu kwa kundi zima, ukafungwa kwa kamba mkononi mwake.

Kwenda walikwenda salama. Wakati wa kurudi Abel akanaswa. Fataki ya mwanga ilipanda ikamulika uwanja mzima, na Seth, aliyekuwa amelala kifudifudi hatua kumi mbele, akageuka akamwona mwenzake ameshikwa na seng'enge mgongoni. Midomo ya Abel ikatembea katikati ya masizi.

"Mkasi, Seth. Rudi."

Aliona. Asitudanganye mtu hapa, aliona vizuri kabisa. Mfumaji husoma midomo hata kwa hatua arobaini. Lakini woga ulimshika, akageuza uso kama mtu asiyetaka kusalimiwa njiani, akatambaa kuelekea handaki lao. Kabla hajafika alifungua ile kamba, akautupa mkasi kwenye shimo la bomu lililojaa maji.

Nyuma yake bunduki zikalia, na Abel hakurudi. Luteni alipouliza, Seth alisema mkasi ulimponyoka, na kwamba hakujua kama Abel amenaswa. Luteni akampigapiga begani, akamwambia asijilaumu. Seth alitamani angezabwa kibao.

Likizo ilipofika hakuwa na pa kujificha. Mama yake Abel, Bi Hetty, aliyefuma kiwandani kwa miaka thelathini, alimwita nyumbani kwa chai na mkate wa siagi. Alikuwa na swali moja tu.

"Alisema lolote, mwanangu?"

"Hapana, mama. Ilikuwa ghafla tu. Hakusema kitu."

Bi Hetty alishukuru, akamsukumia kipande kikubwa zaidi. Seth alikula kwa aibu, kwa sababu kukataa kungetaka maelezo.

Jumapili wakaenda kanisani. Bi Hetty alikaa na kwaya mbele, wakitazamana na waumini. Mchungaji alimtaja Abel, kisha akaomba kila mtu asali kimya kimya. Seth alifumba macho, akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamweleza Mungu yote. Aliniita. Nilimwona. Mkasi nilikuwa nao, nikautupa. Hakutoa sauti hata chembe, lakini midomo ilitembea kama ilivyozoea, na yeye, mjinga wa watu, alisahau yuko katika kanisa la nani.

Alipofumbua macho, wanawake wote wa kwaya, wafumaji watupu, walikuwa wakimtazama. Midomo ya Bi Hetty ikasogea bila sauti.

"Alisema nini?"

Seth alihisi uso unawaka mpaka masikioni. Akajibu vilevile, bila sauti.

"Mkasi, Seth. Rudi."

Kinanda kikaanza na kwaya ikasimama kuimba. Bi Hetty alisimama pamoja nao, mdomo ameufumba, akimkazia macho. Wimbo ulikuwa na beti sita. Seth alimtazama mpaka ubeti wa mwisho, kwa sababu hakuthubutu kugeuza uso mara ya pili.